Kampa ya dizeli inagoma kuwaka: soma moshi kwanza, pampu iache palepale

Kama una Land Cruiser au Hiace umeigeuza nyumba, umeweka kitanda, friji, sinki na hema juu, afu asubuhi unapiga stata mpaka betri inalegea na injini haishiki, nakuomba kitu kimoja, usimruhusu mtu ashushe injekta pampu, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, siku hiyo. Pampu ndo inatajwa ya kwanza gereji nyingi na ndo ya bei kubwa kuliko vyote, na mara nyingi haina kosa lolote. Mimi nimeendesha Land Cruiser za injini ya 1HZ miaka mingi huku kaskazini, Arusha, Karatu, Ngorongoro, Serengeti, na sasa hivi ninayo moja iliyojengwa kampa, karibu kila iliponigomea chanzo kilikuwa mpira, waya au hita plagi (vijiti vya umeme vinavyopasha silinda kabla ya kuwasha), vitu unavyovifikia kwa mkono ukiwa na spana namba 10 na 12 na testa.

Ninayosema hapa yanahusu dizeli za kizamani zenye pampu ya kuzunguka, yaani 1HZ, na 2L, 3L na 5L ya kawaida za Hiace na Hilux, zile ambazo hazina kompyuta ya kuongoza nozeli. Kama yako ni komoni reli, yaani ile inayoongozwa na kompyuta, kama 1KD, habari za betri, upepo na maji kwenye dizeli ni zilezile, ila mapaipu ya presha usiyalegeze kabisa huku mtu anapiga stata. Mle ndani presha inapita bar 1,000, dizeli ikichomoka kwenye upenyo mdogo inaingia kwenye ngozi kama sindano, na hiyo ni ya kukimbia hospitali hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni inabana hewa, kwenye 1HZ inabana zaidi ya mara 22, hewa ikibanwa hivyo inapata joto kali, nozeli inapuliza dizeli, na dizeli inashika yenyewe joto likishafika kama nyuzi 210. Kwa hiyo inahitaji injini izunguke kwa nguvu, dizeli ifike bila upepo, na joto liwepo. Kugoma kote kunatokana na kimojawapo kupungua, kwahiyo swali la kwanza sio "pampu ya mwaka gani", swali ni inagoma lini na inatoa moshi gani.

Inagoma baridi tu, ikishawaka mara moja siku nzima haisumbui? Inagoma ikiwa ya moto, umesimama kunywa chai Makuyuni dakika 20 ukirudi haitaki? Inagoma ikilala kwenye mwinuko pua juu, ila ikilala tambarare inawaka? Au inagoma baada ya kukaa wiki tatu bila kazi? Haya ni magonjwa tofauti kabisa na mtu akikupa jibu moja kwa yote manne huyo anabahatisha.

Afu mwambie mwenzako asimame nyuma aangalie ekzosi wakati unapiga stata, sekunde 10 mpaka 15 tu, usizidishe, halafu subiri kama dakika moja stata ipoe.

Stata inazunguka vizuri, hakuna moshi hata kidogo

Hapa dizeli haifiki kwenye silinda. Ingekuwa inafika hata kama haiwaki ungeona moshi mweupe unatoka na harufu ya dizeli mbichi. Hakuna moshi, hakuna dizeli, usihangaike na hita plagi.

Anza na solenoidi ya kuzimia, kile kidude cha umeme kinachofungua na kufunga njia ya dizeli, kimefungwa juu ya pampu na waya mmoja. Washa swichi bila kupiga stata, mwenzako azime na kuwasha, unatakiwa usikie "tk" pale kwenye pampu. Husikii? Pima umeme kwenye ule waya. Umeme hakuna, tafuta fyuzi na waya uliokatika, kwenye makampa waya hizi zinachezewa sana kwa sababu kila fundi anayekuja kufunga taa au inveta anatafuta mahali pa kuibia umeme wa swichi. Umeme upo na haigongi, solenoidi imekufa, na hiyo unaipata bila kushusha pampu.

Kama inagonga, tafuta upepo. Na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kwenye kampa upepo ndo mwizi mkuu.

Julai moja tulilala Simba, ile kambi ya ukingoni Ngorongoro, pale ni zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari na usiku wa Julai unaingia mpaka kwenye mifupa. Alfajiri umande umejaa kioo kizima, wageni wameshafunga mizigo wanataka kuwahi kushuka kreta geti likifunguliwa saa 12, napiga stata, inazunguka kwa nguvu kabisa na nyuma hakuna moshi. Kila aliyepita alisema ni baridi, hita plagi zimeungua. Lakini hita plagi zikifa unaona moshi mweupe, mimi sikuona kitu. Nikashika pampu ya mkono juu ya filta, ile ya kubonyeza na kiganja, ikaingia laini kama naminya puto, mara ishirini na kitu, ikaanza kukaza, ikakaza mpaka kiganja kikagoma kwenda. Nikapiga stata, ikashika, ikatetemeka na moshi kidogo, ikatulia. Kwahiyo baridi haikuhusika, usiku mzima dizeli ilikuwa imerudi tangini na upepo umechukua nafasi yake.

Upepo uliingilia wapi? Chini ya gari kulikuwa na kiungo cha njia tatu ambacho fundi mmoja alikichomeka kwenye mpira wa dizeli ili kulisha hita ndogo ya kupasha chumba. Klipu yake ilikuwa ya kukaza kwa koleo, mpira umekauka, na pembeni yake vumbi limelowa, alama ya ukubwa wa sarafu ya mia mbili, basi. Hakuna tone lililodondoka chini hata moja. Na hicho ndo kinachowadanganya watu, mpira wa upande wa kuvuta ukiwa na ufa haumwagi dizeli, wenyewe unavuta hewa kuingia ndani, kwahiyo unalala chini ya gari na tochi unasema pakavu, pazima, kumbe ndo hapohapo. Tafuta vumbi lililolowa, usitafute tone. Hita ya namna hiyo inatakiwa iwe na njia yake yenyewe kutoka tangini, isikatiwe kwenye mpira wa injini.

Sehemu nyingine za kuangalia kwenye kampa: swichi ya kubadilisha tangi, maana gari nyingi za safari zina matangi mawili na valvu yake inavuja kwa ndani, mipira midogo ya dizeli ya kurudi inayounganisha nozeli moja na nyingine, hii inakauka na kupasuka na ni ya bei ndogo sana, badilisha yote, washa (pete) za shaba kwenye bolti za filta ambazo kila mtu anazirudishia za zamani, oringi ya filta, na hiyo pampu ya mkono yenyewe, ngozi yake ya ndani ikichoka inavuta hewa na ukiibonyeza utaona dizeli inachuruzika pembeni.

Ukitaka uhakika nunua mita moja ya mpira mwangavu, ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya bomba, ukubwa unaolingana na paipu, ukaunganishe kati ya filta na pampu. Washa injini, angalia. Vipovu viwili vitatu mwanzoni sio neno, vipovu vinavyopita mfululizo kama soda ni upepo unaingia nyuma ya hapo. Zima, iache usiku, asubuhi kabla hujagusa kitu angalia tena, ukikuta mpira mtupu umeshajua.

Na kipimo kikubwa kuliko vyote, ambacho hakina gharama: chukua chupa au kidumu kisafi cha lita mbili, jaza dizeli safi iliyochujwa, kitundike juu ya injini, ulishe pampu moja kwa moja kwa mpira, na mpira wa kurudi nao uingize humohumo. Toa upepo, iache ilale hivyo. Ikiwaka asubuhi kwa mguso mmoja, pampu yako nzima, nozeli nzima, tatizo liko kati ya tangi na pampu. Mtu akitaka kushusha pampu kabla ya kipimo hiki mwambie subiri kesho.

Ilikaa muda mrefu bila kutembea

Msimu wa mvua, Aprili na Mei, kampa nyingi zinapaki. Tangi likiwa nusu, ile hewa ya juu inatoa jasho usiku, maji yanashuka chini ya dizeli maana maji ni mazito kuliko dizeli, na pale yanapokutana vinaota vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi kama makamasi. Ukifungua filta ukakuta huo utelezi, kubadilisha filta peke yake haitoshi, tangi lishushwe lioshwe, na ule wavu wa kuvutia ndani ya tangi uangaliwe, maana ukiziba unapata gari inayowaka, inatembea kilomita mbili, inazima, unasubiri, inawaka tena. Chini ya filta kuna kiplagi cha kutolea maji, legeza, kinga kwenye chupa ya maji ya kunywa, iache itulie dakika kumi, ukiona mstari katikati ya chupa hayo ya chini ni maji. Kabla hujapaki muda mrefu jaza tangi mpaka juu.

Na dizeli yenyewe nunua kwenye pampu ya kituo unachokijua, ile ya madumu ya njiani iache. Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa kulishamiri sana hapa Tanzania mpaka EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba (alama ya kutambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010. Hizi pampu za kuzunguka hazina oili yake, zinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita, ukiweka mafuta ya taa unaisaga pampu taratibu na utayaona matokeo kule chini kwenye kugoma ikiwa ya moto.

Stata inazunguka kivivu, au inagonga tu

Dizeli isipozungushwa kwa nguvu haipati joto, hewa inavujia pembeni ya pistoni kabla haijabanwa vizuri. Kwahiyo injini inayozunguka polepole itagoma hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Pima betri asubuhi kabla hujagusa kitu. Iliyojaa inasoma 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya 9.6 hivi, kama una mfumo wa volti 24 zidisha mara mbili. Ikishuka, kwenye kampa jiulize friji inakula wapi. Friji ya volti 12 ikiachwa usiku kucha kwenye betri ya injini inaimaliza, ndo maana tunafunga betri ya pili ya nyumba na relei ya kugawa chaji katikati. Sasa hiyo relei ikiungana midomo yake ikaganda, betri mbili zinabaki zimeshikana na ukizima gari, friji inakunywa zote mbili. Zima injini, subiri, pima kila betri peke yake, kama zinasoma sawasawa mpaka desimali asubuhi baada ya friji kulala inafanya kazi, relei imeganda.

Betri ikiwa nzima angalia eathi, ule waya wa hasi unaotoka betri kwenda kwenye chuma. Weka waya mmoja wa testa kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, waya wa eathi umeoza au bolti yake imekaa kwenye rangi na kutu. Nimeona watu wawili wamenunua betri mpya kwa ajili ya eathi iliyohitaji sandipepa tu.

Kama betri nzima, eathi nzima, na ukizungusha swichi inagonga "ta" moja na kukaa kimya, ukirudia mara ya tano inashika, hizo ni shaba za ndani ya solenoidi ya stata. Ukifungua kile kifuniko cha duara nyuma utazikuta, mbili, upande mmoja umeliwa umekuwa kama mwezi mchanga, mweusi, na sahani inayozigusa imechimbika. Shaba mpya zinauzwa peke yake, hauhitaji stata nyingine. Toa waya wa betri kwanza kabla hujagusa pale.

Moshi mweupe mwingi, harufu ya dizeli mbichi, haishiki

Sasa dizeli inafika lakini joto halipo. Kama ni baridi tu na ikishawaka inatulia, hapa ndo hita plagi.

Kwenye 1HZ zipo sita zimeunganishwa na bamba moja refu. Washa swichi, pima umeme kwenye bamba, kama hakuna umeme ni relei, fyuzi kubwa au waya. Kama umeme upo, fungua zile nati, toa bamba, usilidondoshe lile nati dogo, afu chukua taa ya testa, waya mmoja kwenye chanya ya betri na ncha nyingine gusa kichwa cha kila hita plagi. Inayowasha taa ni nzima, isiyowasha imekatika. Moja ikifa pengine hutaona tofauti Dar, lakini zikifa tatu afu ukalala Kitulo au Makete mwezi wa saba utajuta. Ukinunua mpya soma volti iliyoandikwa kwenye mwili wa ile ya zamani, zipo za volti tofauti, ukiweka ya volti ndogo kwenye umeme mkubwa inaungua dakika hiyohiyo, tena ncha yake inaweza kuvimba isitoke kwenye kichwa cha injini.

Ukiitoa iangalie ncha. Ikiwa imeliwa, imeyeyuka au imetoboka, nozeli ya silinda hiyo inamwaga dizeli kama bomba badala ya kupuliza ukungu. Ukibadilisha hita plagi ukaiacha nozeli, mwezi mmoja unarudi palepale. Nozeli zipeleke zote kwenye mashine ya kupimia, usipeleke moja.

Hapa kuna jambo naliomba kwa dhati. Usipulize sprei ya kuwashia wala petroli kwenye mdomo wa hewa wa injini yenye hita plagi. Ile inalipuka mapema, pistoni bado inapanda, inavunja ringi, inapinda konrodi (mkono unaoshika pistoni), na ikikutana na hita plagi nyekundu inaweza kulipukia usoni kwako. Na ule mtindo wa kuwasha tambara mbele ya filta ya hewa pia acha, filta ni karatasi, na gari yako ina mtungi wa gesi ya jiko.

Moshi mweupe usipoisha hata injini ikipata moto, nusa. Ukiwa na harufu tamutamu na rejeta inapungua maji, gasketi ya kichwa au kichwa chenyewe kina ufa, zima usiendelee kupiga stata maana maji yakijaa silinda konrodi inapinda. Ukiwa wa dizeli mbichi na injini inagonga au imekosa nguvu tangu ibadilishwe mkanda wa taimingi, mkanda umeruka jino au pampu imefungwa nje ya alama.

Moshi mweusi wakati wa kupiga stata ni hewa kukosa. Toa filta ya hewa uipige chini, vumbi la njia ya Serengeti linajaa siku tatu tu.

Baridi inawaka, ya moto inagoma

Hii sasa ndo inaweza kuwa pampu, nami sikatai. Dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi, na pampu iliyolika ndani haiwezi kuisukuma kwa spidi ndogo ya stata, inavuja humohumo. Kipimo chake: gari ikishagoma, zima swichi, lowesha tambara maji ya kawaida, lifunike juu ya pampu dakika kumi au kumi na tano, ulilowanishe tena likikauka. Usimwagie ndoo ya maji baridi, pampu inaweza kukaza. Ikiwaka baada ya kupoa, kichwa cha pampu kimelika, hapo ndo unatafuta fundi wa pampu mwenye mashine. Lakini hakikisha kwanza stata, maana stata nayo ikipata moto inachoka, kwahiyo sikiliza, kama inazunguka kivivu ikiwa ya moto ni stata, kama inazunguka kwa kasi ileile ya asubuhi ni pampu.

Kompresheni

Ikibaki hiyo, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, baada ya yote, ipimwe kwa geji, sio kwa sikio. Geji inafungwa kwenye tundu la hita plagi, na silinda zote zilingane, moja ikiwa chini sana kuliko wenzake ndo shida ilipo. Kabla ya kukubali injini ifunguliwe dai valvu zipimwe, zikikaza hazifungi vizuri na injini inagoma, na watu wameshafungua injini nzima kwa ajili ya valvu zilizohitaji vibati vya kubadilisha tu. Mpimaji akimimina kijiko cha oili kwenye silinda kipimo kikapanda ni ringi, kisipopanda ni valvu au gasketi.

Na siku ya kuichukua gari, usikubali kuonyeshwa inawaka saa nane mchana kwenye jua la gereji, hapo hata mgonjwa anawaka. Iache ilale palepale, pua juu kama kuna mwinuko, njoo kesho yake saa 12 asubuhi, weka kiganja juu ya injini uhakikishe ni ya baridi, ndo upige stata wewe mwenyewe huku mwenzako yuko nyuma anaangalia ekzosi.